Kotiledoni: jinsi ya kuyasoma majani ya kwanza ya mche

Kunde nilizozifukia Jumamosi jioni zilitoka Jumatano. Kila mche ulikuwa umebeba vipande viwili vinene, rangi ya maziwa iliyoanza kukolea ukijani, vimeachana kidogo kama viganja vya mtu anayeomba dua. Mtoto wa kaka yangu, ambaye anakaa nami hapa Kinyerezi na yuko kidato cha pili, alichuchumaa kando ya kitalu akiwa na daftari lake la bayolojia.

"Shangazi, hizi ndizo kotiledoni?"

"Ndizo, mwanangu."

"Kazi yake naielewa. Ila neno lenyewe maana yake nini? Mwalimu kasema ni la Kigiriki, basi, tukaendelea mbele."

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nauza miche, na sikuwa na jibu. Nililitafuta wiki nzima. Nilipolipata nikatamani ningelijua tangu mwanzo, maana lingeniokolea miche mia mbili ya nyanya, habari nitakayoifikia huko chini. Kwa hiyo nakuandikia namna ya kuzitambua kotiledoni, jina lao lilikotoka, na jinsi ya kuitunza miche kwa kulifuata jina hilo. Tafuta karanga mbichi, kunde, mahindi na mbaazi, konzi moja moja tu, pamoja na vikombe vya plastiki uvitoboe chini. Na uwe na subira ya siku kumi hivi.

Anza na karanga

Iwe mbichi, isiwe ya kukaanga. Iloweke usiku kucha. Asubuhi ivue ngozi yake nyekundu, kisha ibane taratibu kwa kucha mpaka iachane vipande viwili. Usiivute kwa nguvu. Kwenye ncha moja, katikati ya vile vipande, kuna kitu kidogo kilichong'ang'ania upande mmoja, hakizidi ukubwa wa punje ya mchele. Huo ndio mmea. Ncha yake iliyochongoka itakuwa mzizi. Ncha ya pili, ukiitazama kwa kamera ya simu na kuivuta karibu, utaona vijani vimekunjamana kama unyoya wa kifaranga.

Sasa vitazame vile vipande viwili vikubwa. Kwa mlaji hivyo ndivyo karanga yenyewe. Kwa mmea, hivyo ni majani yake mawili ya kwanza, yamenenepa kwa mafuta na protini, na kila kimoja kimeungana na mmea kwa kishikizo chembamba tu. Hizo ndizo kotiledoni. Ukila choroko, maharage, mbaazi au korosho, unachotafuna karibu chote ni kotiledoni.

Baada ya hapo chukua punje ya mahindi iliyolowekwa siku mbili. Ilaze kwenye ubao wa kukatia nyanya, upande wenye kiini uelekee juu, uikate kwa kisu kikali toka juu hadi chini kupitia katikati ya kiini. Hapa lazima uwe mtulivu, kwa sababu kotiledoni ya mahindi ni moja tu, imekaa kama ngao nyembamba kati ya mmea mchanga na ile sehemu ya unga. Haina akiba kubwa ya chakula. Akiba iko kwenye unga, na kazi ya ile ngao ni kuunyonya na kuupitisha kwa mmea. Nayo haitoki nje hata siku moja. Kile kijiti kinachochomoza ardhini mahindi yakiota si kotiledoni. Ni ala iliyoyafunika majani yasichubuke kwa udongo.

Shika tofauti hiyo: karanga ina kotiledoni inayoweka akiba, mahindi yana kotiledoni inayonyonya.

Neno lilivyosafiri

Wagiriki wa kale walikuwa na chombo wakikiita kotile, yaani kikombe au bakuli dogo. Kilikuwa pia kipimo, kama robo lita hivi. Sisi tulikuwa na kibaba vilevile, chombo na kipimo kwa jina moja, ingawa watoto wa sasa wanakijua kwa "haba na haba" tu, maana dukani wanapimiwa kwa kilo na sokoni kwa sado. Kutoka kotile likazaliwa kotiledoni: kishimo chenye umbo la kikombe.

Neno hilo halikuanza kwenye mbegu. Katika shairi la Odisea la Homer limetajwa kwa pweza: anapong'olewa pangoni mwake, kokoto hubaki zimenata kwenye vikombe vya minyiri yake. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi, muombe muuza pweza akugeuzie mnyiri mmoja, utaona safu mbili za vile vikombe. Ukikigusa kimoja kwa kidole pweza akiwa bado mbichi, utaelewa Wagiriki walichokiona. Umbo lake ni la kikombe, kazi yake ni kushika na kufyonza.

Baadaye waganga wao wakalipeleka neno tumboni. Mbuzi, kondoo na ng'ombe, kondo lao la nyuma halikushikamana na mfuko wa uzazi kwa kipande kimoja kama la binadamu. Limeshika kwa vinundu vingi vya nyama, kila kimoja kikiwa peke yake, na kupitia hapo mtoto hupata chakula kutoka kwenye damu ya mama. Vinundu hivyo vinaitwa kotiledoni mpaka leo katika utabibu wa mifugo. Mwenye mbuzi aliyewahi kusubiri kondo litoke usiku anavijua, hata kama hajawahi kusikia jina.

Aliyelivusha neno hadi kwenye mimea kwa maana tunayoitumia sasa ni Marcello Malpighi, daktari wa Bologna, Italia, aliyezaliwa mwaka 1628. Alikuwa mtu wa hadubini. Mwaka 1661 alieleza mishipa midogo kabisa ya damu aliyoiona kwenye mapafu ya chura. Kitabu chake kuhusu muundo wa mimea kilitolewa London na Royal Society, chama cha wanasayansi, kwa sehemu mbili, mwaka 1675 na 1679. Mtu aliyezoea kuchunguza miili ya wanyama alipoipasua mbegu na kukuta kitoto kimeshikizwa kwenye vipande viwili vinavyokilisha, alikuwa tayari ana neno la kukiitia. Nilipofika hapo nilikaa kimya kidogo. Miaka yote nimekuwa nikisema mche "unazaliwa", nikidhani ni maneno yangu ya kuvutia wateja.

Kisha Mwingereza John Ray, katika kazi yake ya mwaka 1682, akaonyesha jinsi mimea inavyoweza kugawanywa kwa hesabu ya kotiledoni, yenye moja na yenye mbili. Hapo ndipo penye mizizi ya zile "monokotiledoni" na "dikotiledoni" za daftarini. Mono ni moja, di ni mbili. Mwanafunzi akishashika kikombe, mengine yanafuata yenyewe: haipokotili ni shina lililo chini ya vikombe, epikotili ni lililo juu yake.

Mgawanyo huo wataalamu wa sasa wameurekebisha. Mparachichi, mtopetope na mstafeli zina kotiledoni mbili, lakini ukoo wao ulijitenga mapema, hauko kundi moja na kunde na nyanya. Na misindano kama ile ya Sao Hill kule Mufindi haiko upande wowote kati ya hizo mbili, maana mche wake hufungua kotiledoni kadhaa kwa pamoja, kama mwavuli mdogo.

Kiswahili nacho kina neno lake, ghalambegu, ghala na mbegu. Nalipenda neno hili na ninalitumia na wateja wangu wazee, maana halihitaji maelezo. Lakini nikiwa mkweli, ghala linaitosha karanga kuliko mahindi. Kikombe kinaitosha mahindi, kwa sababu kikombe hakizalishi chakula wala hakikitunzi muda mrefu, kinakifikisha mdomoni. Mimi nimeamua kuyashika yote mawili.

Zinazopanda na zinazobaki chini

Sasa chukua vikombe vyako vya plastiki. Weka mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, panda kunde kwenye viwili, mbaazi kwenye viwili, mahindi kwenye viwili, kina cha sentimita mbili au tatu. Kwa joto la Dar kunde zitatoka siku ya tatu au ya nne, nyingine zitafuata.

Kunde hutoka kwa kuinama. Shina linajikunja kama mpini wa mwavuli, linausukuma udongo kwa mgongo, halafu linazivuta kotiledoni nje. Maharage, choroko, maboga, matango, bamia na korosho hufanya hivyo pia. Mbaazi haifanyi hivyo. Kotiledoni zake hubaki palepale ulipozizika, kinachopanda ni shina na majani tu. Embe na parachichi ni vilevile, na mahindi yapo upande huo.

Kwa anayelima, jambo hili ni la mfukoni. Mbegu inayoinua kotiledoni inabeba mzigo, kwa hiyo usiizike mbali wala usiuache udongo ugande juu yake. Mvua kubwa ya masika ikishapiga na jua likachoma kesho yake, udongo wa mfinyanzi hufanya gamba, na kunde hukatika shingo humohumo chini. Nilikuwa na tuta upande wa bondeni lililoniletea shida hiyo kila mwaka, mpaka nilipoanza kulitandaza nyasi kavu na kulinyunyizia maji kidogo asubuhi ya siku ya tatu.

Jambo la pili ni kuku. Kuku wa jirani akiikata kunde chini ya kotiledoni, huo mche umekwisha, ung'oe na upande mche mwingine, kwa sababu vichipukizi vyote vilikuwa juu ya mkato. Akiikata mbaazi changa juu ya udongo, subiri. Vikombe vyake viko chini salama, na pale vilipoungana na shina kuna vichipukizi vinavyoweza kutoka upya. Mara mbili nimeona mbaazi zilizokatwa hadi usawa wa ardhi zikirudi.

Kuutambua mche kwa umbo

Mteja akiniletea trei aliyosahau alichopanda, naanza kwa kotiledoni. Mchicha una mbili nyembamba, fupi, mara nyingi zina wekundu kwa chini. Kabichi, sukuma wiki na chainizi zina umbo la moyo lenye kibonde kwenye ncha, na kwa hatua hiyo hakuna anayeweza kuzitenganisha kwa uhakika. Usikubali kuuziwa "kabichi" yenye majani ya mbegu tu na mtu usiyemwamini. Nyanya zina mbili ndefu zilizochongoka. Pilipili na bilinganya zinafanana nazo kwa karibu sana, kwa hiyo subiri jani la kwanza halisi, la nyanya litakuwa na michano pembeni. Bamia zina kotiledoni pana za mviringo. Maboga na matango zina nene za kuteleza, na mara nyingine ganda la mbegu hubaki limezibana kama kofia. Lilowanishe kwa tone la maji, ungoje, usilivute.

Kitunguu kinawachanganya wengi. Hutoka kama uzi wa kijani uliokunjwa goti, baadaye hunyooka. Uzi huo ndio kotiledoni yenyewe, moja, na ndani ya ncha yake bado inainyonya mbegu iliyoning'inia huko juu kama kitone cheusi. Mwenye haraka huona kitone hicho ni uchafu akakipangusa. Kiache.

Hesabu iliyonigharimu

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mbegu za nyanya, na aliyeniuzia akaniambia: hamisha miche ikishakuwa na majani mawili. Siku ya kumi niliona majani mawili. Nikahamisha mia mbili jioni moja, nikiwa nimefurahi jinsi nilivyowahi. Kufikia Jumapili iliyofuata ilikuwa imebaki michache isiyojaza ndoo. Nililia, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya ada.

Majani mawili niliyoyahesabu yalikuwa kotiledoni. Mche wa hatua hiyo una mzizi mmoja mwembamba na bado unaishi kwa kikombe ulichozaliwa nacho. Majani ya kuhesabu ni yale yanayofuata, yenye sura ya mmea wenyewe. Nyanya, pilipili, bilinganya na kabichi zipeleke bustanini zikiwa na majani halisi manne hivi, usiyahesabu yale mawili ya chini. Mteja akiniuliza kwa simu "yana majani mawili, nihamishe?", namuuliza kwanza: yanafanana na jani la nyanya ulijualo? Akinyamaza, najua bado.

Mambo mengine yanatoka hapohapo kwenye kikombe. Usikimbilie mbolea ya chumvichumvi wala busta kabla jani halisi la kwanza halijafunguka. Mche bado una chakula chake, na chumvi inaunguza mzizi mchanga. Ukilazimika kuuhamisha ukiwa mdogo, kwa mfano kutoka trei kwenda kikombeni, ushike kwa kotiledoni, kamwe usiubane shina. Kotiledoni moja ikichanika mche utaponea nyingine. Shina likisagika hakuna la kuponea.

Kotiledoni zikigeuka njano na kudondoka mche ukiwa na majani halisi matatu au manne, usihangaike, chakula kimekwisha na majani yameshashika kazi. Kwenye kunde hunyauka mapema sana, kwenye matango hukaa kijani muda mrefu zaidi na hutengeneza chakula kwa jua kama jani jingine. Ila zikiwa njano kabla jani halisi halijatokea, angalia maji kwanza. Wengi wetu humwagia asubuhi na jioni bila kugusa udongo. Shina likinyongeka usawa wa ardhi na mche ukalala huku kotiledoni bado ni kijani, hiyo ni kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche. Punguza maji, tenganisha miche ipate hewa, na iliyolala iondoe na udongo wake.

Kama kotiledoni ziko juu kabisa ya shina refu jembamba linaloegemea upande mmoja, mche unatafuta mwanga. Utoe barazani. Kwa nyanya kuna tiba nzuri: unapohamisha, uzike shina mpaka karibu na kotiledoni, litatoa mizizi kwa urefu wake wote. Usijaribu hilo kwa maboga, shina lake huoza kwa urahisi.

Ukitaka kuona kwa macho, panda kunde kwenye vikombe vitatu. Siku zinapotoka tu, mche mmoja uache na kotiledoni zote, wa pili uondoe moja kwa wembe, wa tatu ondoa zote mbili. Viweke pamoja penye mwanga uleule, maji yaleyale, upime kwa rula kila asubuhi. Vya mtoto wetu vilikaa kwenye ngazi ya nyuma. Kufikia siku ya nane ule wa tatu ulikuwa na majani madogo kama kucha ya mtoto mchanga, na wa kwanza umeshawapita wenzake kwa mbali. Alizichora zote kwa penseli, na chini ya kila mchoro akaandika idadi ya vikombe.

Nazi

Nyuma ya simtanki kulikuwa na nazi iliyosahaulika tangu mfungo, imeshatoa chipukizi la urefu wa mkono. Niliifua kumbi, nikaivunja. Ndani hamkuwa na maji, mlikuwa na joya, lile donge jeupe laini kama sifongo ambalo tulikuwa tukiligombania utotoni. Nazi iko upande wa mahindi, ina kotiledoni moja. Ikianza kuota, ncha ya kotiledoni hiyo huvimba kuelekea ndani, hulijaza tundu lote na kuinyonya nyama ya nazi ili ilishe chipukizi kule nje. Joya ndiyo hiyo ncha, na hakuna kotiledoni kubwa kuliko hiyo utakayoipata sokoni hapa Dar.

"Kwa hiyo tumekuwa tukila kikombe chenyewe, shangazi?"

Nilimwambia achore kwanza, kabla sijaikata. Alichora chipukizi, jicho la nazi lilipopita, na donge likiwa limegusa ukuta pande zote. Kisha tukaigawa, ilikuwa tamu, na kifuu nikakifanyia kitalu cha pilipili.